Tangi ilikuwa inashuka, nikamfungia mama yangu mfereji. Kumbe ni paipu

Wakuu, salamu kwenu nyote. Mimi huwa msomaji tu hapa, nasoma nyuzi za watu na kupita. Leo ni zamu yangu.

Ninachoandika ni kitu imenitokea mimi mwenyewe. Watu wa kwetu wakisoma watajua ni nani anaongea, na watajua hakuna mahali nimeongeza. Shule niliachia darasa la sita, kwa hivyo mkipata makosa mpite nayo polepole.

Niseme mwisho kabla ya mwanzo ndio mtu asisome akitegemea mazuri. Ukuta wa nyumba yetu ulianguka. Ulichukua mama yangu, na mimi ukaniachia mguu mmoja wa kazi na mwingine wa kuburuta. Kilichoangusha huo ukuta ni maji ya kutoka kwa paipu nyembamba kuliko kidole gumba changu.

Na kuna watu walihusika. Nitawataja. Wa mwisho ni mimi.

Kwetu ni upande wa Masii, Machakos. Wenye wanajua huko wanajua maji kwetu ni kitu gani. Kiangazi ikiingia, mtu anaweza kukupea kuku lakini debe la maji atakuambia ngoja kwanza.

Mimi nilikuwa nafanya kazi Athi River, kwa kiwanda fulani, miaka mingi. Nilikuwa naenda nyumbani Jumamosi na kurudi Jumapili jioni. Nyumbani alikuwa mama, peke yake, miaka sabini na kitu. Kando ya boma yake ni boma ya kaka yangu mkubwa, anaitwa Musembi. Yeye ni shemasi kanisani.

Nyumba ya mama nilijenga mimi. Matofali ya kuchoma. Sasa hapa mnisikize vizuri kwa sababu wengi wenu nyumba za wazazi ziko hivi hivi. Ndani ya ukuta, kati ya tofali na tofali, tulitumia udongo. Simiti tulipaka nje tu, kwa ile mistari, ionekane safi. Kwetu kila mtu hujenga hivyo na nyumba zinakaa miaka. Udongo ukikauka unashika kama jiwe.

Ukikauka.

Kuta na mabati zikiisha, sakafu bado, nikanunua tangi, ile nyeusi ya lita elfu tano. Tukaiweka mbele ya nyumba, juu ya mawe, ichukue maji ya mabati, na ile ya mradi wa kijiji ikifunguliwa. Mama alikuwa anataka mfereji karibu na jikoni, na jikoni iko nyuma ya nyumba. Kwa hivyo paipu ilifaa itoke kwa tangi, izunguke nyumba kando, ifike nyuma.

Fundi anaitwa Kitheka. Mko naye hapo Masii mpaka leo. Nilimwambia kwa mdomo wangu, "Zungusha kando." Akasema, "Mzee, hiyo imeisha." Mimi nikarudi Athi River, nikamwachia Musembi kazi ya kusimamia.

Nilirudi nikapata mfereji unatoa maji, mtaro umefunikwa, sakafu imemwagwa, mama anaosha vyombo akiimba. Nitauliza nini tena?

Nilikosea hapo. Usikubali mtaro wa paipu ufunikwe kama hujauona na macho yako. Hata kama fundi ni shemeji yako. Hata kama msimamizi anaomba Mungu mara tatu kwa siku.

Miaka kama miwili ikapita bila neno.

Halafu mwaka juzi, kiangazi, mama akaniambia kuna mahali nyuma ya chumba chake pamelowa. Akanipeleka nikaona. Chini ya ukuta, upande wa nje, udongo mweusi, nyasi changa imetoka. Shamba lote limekauka mpaka mchwa wamehama, lakini hapo pameota nyasi.

Wakuu, mtu wa Nairobi akiona hiyo atapiga simu fundi aje. Mtu wa Ukambani akiona hiyo anaita majirani waje wamshukuru Mungu.

Na ndivyo tulifanya. Musembi aliita watu wa kanisa, wakasimama hapo wakaomba. Akasema ni chemchemi, Bwana amemkumbuka mjane. Mama akapanda nduma hapo, ile viazi inataka majimaji, na migomba miwili. Nduma kwetu, wakati wa jua, hapo kwa ukuta. Watu walikuwa wanakuja kuangalia. Mama alikuwa anawagawia, na alikuwa anafurahi kuwa na kitu ya kupeana.

Mimi pia nilifurahi. Sitadanganya. Nilienda kazini nikaringa kwamba kwetu kumetoka chemchemi.

Hakuna hata mmoja wetu alifikiria paipu, kwa sababu sote tulijua paipu imepita kando. Sote isipokuwa wawili.

Sasa wakati huo huo tangi ikaanza kuisha mbio.

Mimi nikifika Jumamosi, kitu ya kwanza ni kugonga tangi na vidole. Mahali iko maji inalia nzito, mahali hakuna inalia kama ngoma. Jumapili naacha mradi wa kijiji umeijaza mpaka kifuani. Jumamosi narudi, inalia ngoma mpaka magotini. Mtu mmoja, mzee, kuku tano na mbuzi mbili.

Nikauliza Musembi. Akaniambia, "Wewe humjui mama. Huyo hawezi kunyima mtu. Wanawake wote wa huku wanachotea kwake ukienda."

Nikauliza mama. Akasema anachota yake tu, na jirani mmoja mara moja moja akiwa na mtoto mgonjwa.

Nilimwamini nani? Nilimwamini shemasi.

Nikanunua ile mfereji iko na sikio la kufuli. Nikafunga mwenyewe, mama akiwa amesimama hapo na kikombe.

Akaniuliza, "Mwana wakwa, unamfungia nani?"

"Nafungia maji, mwaitu."

"Maji iko na miguu?"

Akacheka kidogo. Mimi sikucheka. Nilimjazia mitungi minne ya wiki, nikaweka funguo kwa mfuko, nikaenda Athi River. Huko kwetu mwaitu ni mama. Ndilo neno la heshima, na nililitumia nikiwa nafunga kufuli.

Jumamosi nikarudi. Kufuli iko, haijaguswa. Nikagonga tangi.

Imeshuka.

Mtu mwenye akili yake angejua hapo hapo. Mfereji umefungwa, maji imeenda, basi kuna mahali inatokea. Mtoto wa nasari angejua. Lakini mimi nilikuwa tayari nimeshaamua kuna mwizi, na mtu akishaamua hivyo haoni kitu ingine. Nikamwangalia mama yangu nikamuuliza, "Ulitengenezewa funguo ingine?"

Alikuwa anachambua maharagwe, akaendelea kuchambua.

Baadaye ndio niliona paji lake la uso. Lilikuwa na alama, mstari mwekundu. Ni alama ya mukwa, ile kamba pana ambayo wanawake wa kwetu hupitisha kwa kichwa wakibeba mtungi mgongoni. Mitungi yangu minne iliisha siku ya nne, kwa sababu nduma na mbuzi pia wanakunywa. Akaanza kushuka mtoni, kule kwenye mchanga, kuchimba na kikombe mpaka maji itokee, na kupanda na mtungi. Miaka sabini na kitu. Na tangi iko mlangoni.

Niliona hiyo alama, na bado sikufungua kufuli. Nilifanya hivyo wiki tano.

Mtu alinifungua macho ni Omondi. Tulikuwa naye kiwandani, yeye ni wa matengenezo, mambo ya mabomba na valve. Tulikuwa tunakula lunch nikamweleza vile mama yangu amenishinda na maji. Akaacha kutafuna.

"Kufuli imefungwa?"

"Imefungwa."

"Na funguo iko na wewe hapa?"

Nikamwonyesha.

"Tangi nusu inaisha wiki moja. Mzee, mama yako ni ndovu?"

Wenzetu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Hiyo ni leak. Na kama hakuna mahali umeona inamwagika juu, basi inakunywa ardhi. Nyumba iko mbali na hiyo paipu?"

Nikasema iko mbali, imepita kando. Halafu nikamtajia ile chemchemi, tu kwa kuongea.

Huyo jamaa akafunika chakula chake.

Akaniambia hivi, na nawaandikia vile alisema, kwa sababu ni kitu inaweza kusaidia mtu. Chukua fimbo ndefu, ingiza kwa tangi kutoka juu mpaka iguse chini. Toa, mahali pamelowa chora na mkaa. Funga kila mfereji, mtu asiguse kitu usiku kucha. Asubuhi ingiza tena hiyo fimbo. Maji ikifika kwa alama, tangi na paipu ni nzima, tafuta mwizi wako. Ikiwa chini ya alama, ni paipu. Kama uko na mita, hata fimbo huhitaji, funga kila kitu ndani ya nyumba uangalie kama ile gurudumu ndogo inazunguka.

Halafu fuata paipu kutoka kwa tangi, chimba polepole, usibahatishe. Unaweza pia kuweka chuma kwa ardhi na sikio juu yake, mahali inavuja utasikia inanong'ona.

Na akamalizia, "Kama kuna valve hapo chini ya tangi, funga. Kama hakuna, mwaga maji yote kwanza. Yote. Usilale na maji ndani ya hiyo paipu."

Nilifika nyumbani Jumamosi jioni. Nikachora fimbo. Mama akaniuliza ni nini hiyo nafanya, nikamwambia atajua kesho. Jumapili asubuhi nikapanda nikaingiza fimbo. Maji ilikuwa chini ya alama, upana wa kiganja changu mzima.

Kiganja kizima, na sisi wote tumelala, na kufuli iko.

Nilishuka. Nikachukua jembe nikachimba hapo kwa mguu wa tangi. Paipu haikugeuka kwenda kando. Ilikuwa inaelekea nyumba, moja kwa moja, kwa chumba cha mama.

Hapo Musembi akatokea na suti yake na Biblia kwapani. Akaangalia shimo. Nakumbuka sura yake, sasa ndio naielewa.

"Leo si siku ya jembe," akasema. "Na mama anakungoja twende."

"Paipu imepita chini ya nyumba."

"Kesho ni Jumatatu. Itakuwa bado iko hapo."

Valve haikuwa. Kitheka hakuweka. Basi ilibaki kumwaga.

Wakuu, nilienda mpaka kwa mfereji. Nikafungua kufuli. Nikafungua maji ikaanza kutoka, nzuri, safi, inaingia kwa vumbi. Kiangazi. Jirani alikuwa anapita na punda na mitungi mitupu, akasimama akaniangalia kama ninachoma pesa. Mkono wangu wenyewe ulirudi ukafunga. Nilizaliwa huko, nimelelewa kuosha uso na kikombe na ile maji imebaki nikaoshe miguu. Sikuweza kumwaga. Nikajiambia ni siku moja tu, kesho sitaenda kazini, nitachimba, maji itabaki.

Nikarudisha na kufuli. Sijui hata kwa nini. Mazoea.

Tukaenda kanisani.

Njiani nilitaka kumwambia mama nimekosea, si yeye. Lakini nikafikiri, wacha kesho nichimbe nitoe paipu nimwonyeshe kwa mkono, ndio aone, ndio niombe msamaha na kitu ya kuonyesha. Nilitaka kufanya vizuri.

Tulikula mchana, muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa. Mama akaenda kujilaza. Baada ya muda akaniita nimsaidie kuvuta kitanda, akasema ukuta una baridi, blanketi linalowa. Akasema alikuwa amemwambia Musembi mara mbili na Musembi alisema ni uzee.

Nikaingia. Nikashika kitanda upande wa miguu. Nikagusa ukuta. Ulikuwa kama mkate uliolowa chai.

Nilisema, "Mwaitu, toka."

Akasema, "Wacha nivae viatu."

Hiyo ndio ilikuwa ya mwisho. Hakukuwa na kishindo vile watu hufikiria. Ukuta ulikaa chini, kama mtu amechoka. Halafu mabati.

Musembi na majirani walitutoa na mikono. Mama alikuwa ameshaenda. Mimi nilikaa hospitali miezi, mguu umewekwa vyuma, na mama akazikwa mimi nikiwa huko. Wamama wa kanisa walikuja kuniona wakaleta chakula kutoka matanga, imefungwa vizuri. Nduma. Laini sana. Nikala yote, nikauliza kama kuna ingine.

Nilikuja kujua baadaye ni ya wapi.

Nikitoka, na magongo, nilimwambia Musembi achimbe mimi nikiangalia. Alichimba kutoka kwa tangi mpaka mahali chumba kilikuwa. Karibu chini ya kitanda kabisa tukaipata. Paipu ilikuwa na ufa, na ufa ulikuwa umefungwa na blada, ile mpira ya ndani ya gurudumu la baiskeli, imezungushwa mara nyingi na kukazwa na waya. Mpira ulikuwa umeoza. Ukigusa unabaki kwa kidole.

Musembi akakaa kwa ukingo wa mtaro. Akasema, "Kitheka alikuwa ameipiga na sururu."

Nikamuuliza, "Ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa. Alisema kuzunguka ni mawe matupu, akate hapa katikati kabla sakafu haijamwagwa. Ikapasuka. Akasema kiungo ni mpaka arudi Masii, na blada itashika."

"Na ulinyamaza."

"Nilidhani itashika."

"Na tukiomba hapo kwa nduma?"

Akaokota ule waya akaanza kuunyoosha. Kama vile mama aliendelea kuchambua siku ya maharagwe.

Kwa Kitheka nilifika na magongo yangu. Alikuwa juu ya ngazi kwa nyumba ya mtu, anaweka mfereji. Hakushuka. Akaniambia, "Pole mzee. Lakini paipu haiuwi mtu. Nyumba ilikuwa ya udongo." Anaendelea na kazi. Kama amekuwekea paipu, chimba.

Huyo ni Kitheka. Musembi ni huyo mmesikia. Wa tatu alikuwa na funguo mfukoni wiki tano.

Naona nikiandika hapa kuna mtu atauliza inarekebishwa aje. Ni rahisi mpaka inauma. Nilikata ile kipande mbovu yote na msumeno, nikanunua kiungo cha kukaza hapo Masii, nikaunganisha. Nusu saa, na mguu mmoja. Paipu nimeipitisha kando, mbali na msingi, na chini ya tangi nimeweka valve. Mtaro niliacha wazi siku mbili maji ikiwa ndani, nikipapasa kila kiungo na mkono mkavu, ndio nikafunika. Blada ni ya baiskeli. Ukiona fundi anaitoa kwa mfuko akiwa kwa paipu ya kufukiwa, mwambie aende.

Na ukiona mahali pabichi karibu na ukuta wakati wa jua, usiite kanisa kwanza. Ita jembe.

Na kama kuna mzee nyumbani na maji inaisha, mwamini siku moja. Siku moja tu, wakati unatafuta. Mimi hiyo siku moja nilikosa kumpa mama, na ile ya kumwambia samahani nikaahirisha mpaka Jumatatu.

Wenye mko na wazazi mashambani, wiki hii chora fimbo na mkaa, lala, amka uangalie. Halafu rudi hapa uniambie yako ilishuka ama ilikaa. Hata mwenye ataniambia nilikuwa mjinga aandike, nimeshajiambia.

Yangu nimeipima juzi. Ni wiki ya tatu tangu nirekebishe. Maji iko kwa alama, haijatoka hata upana wa ukucha.

Hakuna mtu wa kuichota.